Mume Wangu Aliyeliliwa Akiwa Hai

Mimi ni mwoga, na bado nikaolewa na nahodha. Mume wangu alianzia kusugua sitaha, akapanda hadi kukabidhiwa meli ya makontena, na miaka yote hiyo nilichoogopa ni dhoruba tu. Kisha vita vikafika Bahari ya Shamu. Meli zisizo na hata bunduki moja zikaanza kurushiwa makombora, na kampuni ikawa inawatumia mabaharia fomu: unakubali kupita huko au unakataa? Anayekataa hafutwi kazi.

Nilimpigia simu nikiwa jikoni kwetu, mtaa wa Fedha, Embakasi. "Baba watoto, kataa."

"Nimeshasaini," akasema. "Vijana wangu wote wananiangalia mimi. Nikikataa, watapewa nahodha wasiyemjua."

Kwenye simu nilikuwa na ramani inayoonyesha meli ilipo, kidoa cha kijani juu ya maji. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, kidoa kikatoweka. Nikazima simu, nikaiwasha. Bahari tupu. Kampuni nayo haikushika simu. Kutwa nilitembea kutoka sebuleni hadi bafuni, sitaki kuketi, maana nilihisi nikiketi tu nitaletewa habari. Kesho yake mama mkwe akanipigia kutoka Kakamega kunijulia hali, na badala ya kuitikia nikapiga nduru. Akaipokea hukohuko, boma zima likaangua kilio. Kufikia mchana turubai la matanga lilikuwa limefungwa na viti vimekodishwa.

Siku iliyofuata mume wangu akapiga simu mwenyewe. Alikuwa amezima mtambo unaoonyesha meli ilipo, kwa makusudi, ili wanaoiwinda meli wasiione. Kombora moja lilikuwa limeanguka majini, karibu kabisa nao. Nilicheka hadi nikatapika, halafu nikaingiwa na hofu nyingine: mama mkwe nitamwambia nini?

Kwetu, mtu aliyeliliwa akiwa hai haingii nyumbani hivi hivi. Lazima mbuzi achinjwe, naye apakwe kifuani majani yaliyotoka tumboni mwa mbuzi huyo, la sivyo kilio kile kitamfuata mpaka kimpate. Mama mkwe akapanda basi akaja kusimamia mambo. Nikanunua beberu kwenye soko la mbuzi la Kiamaiko. Mume wangu alipofika, akawekwa nje ya geti na begi lake kama mgeni.

"Mathe, hii mbuzi haiwezi chinjiwa kwa parking," akalalamika keyateka, msimamizi wa nyumba tunamopanga. "Landlord ataniua."

Mama mkwe akaendelea kunoa kisu, na keyateka akaenda kutafuta ndoo ya maji.

Katikati ya kupakwa, ndege ikapita chini ikienda kutua. Sisi wa Embakasi ndege hatuzisikii tena kwa kuzizoea. Mume wangu alijitupa kifudifudi kwenye simenti, akanivuta nami, mkono wake ukanikandamiza kichwa. Mama mkwe akadhani kilio ndicho kinachomtoka. Akapiga vigelegele, majirani wakaitikia. Pale chini nilisikia moyo wa mume wangu ukipiga mgongoni mwangu, nikajua mbuzi hakusaidia kitu.

Baada ya wiki tatu ikaja fomu nyingine. Nilimsimamia hadi akaandika hapana, na nilifurahi bila haya yoyote. Yeye hakufurahi. Aliniuliza mara mbili tukiwa mezani, "Sasa wale vijana watakwenda na nani?"

Kampuni ikampigia nahodha mwingine achukue nafasi yake, rafiki wa mume wangu aliyesoma naye. Mkewe ananiita dada. Jana akaniandikia: "Dada, mume wangu ameletewa fomu, na mimi naogopa. Wako alipita akarudi. Niambie ukweli, njia ni salama?"

Nikimwambia ukweli, mumewe atakataa. Na wangu akisikia vijana wake hawana nahodha, nitamshika na nini asirudi kuwaongoza?

Nikamwandikia kwamba ni salama. Leo asubuhi amenijibu kwamba mumewe amesaini, na kwamba Mungu anibariki.