Safari Tuliyoificha Mtaa Mzima

Mume wangu ni fundi wa mafriji na viyoyozi, na alipopata kazi ya nje aliipata Kanada, nchi ambayo kwa nilivyoelewa mimi yenyewe ni friji. Nilimuuliza huko wanamtakia nini fundi wa friji, si waweke nyama dirishani tu. Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekwisha kuamua nusu. Kampuni ilimpa muda wa kufikiri, na kufikiri kwenyewe ikawa kazi yetu sote wawili, kwa sababu tuna watoto wawili, msichana wa miaka sita na mvulana wa mitatu, na watoto hawatiwi begini mtu akaondoka.

Tunaishi Mji Mkongwe, katika nyumba aliyoiacha marehemu baba yangu. Sisi tunakaa juu, Mama anakaa chini. Hivyo ndivyo tunavyosema tukiulizwa, lakini mvulana wangu alikuwa hakai juu. Alikuwa akija juu kubadilisha nguo na kutusalimia. Tangu nilipomwachisha ziwa alikuwa akilala kwa bibi yake, upande wa ukutani asije akaanguka, akila kwa bibi yake, na akigombana nami alikuwa akishuka ngazi na kwenda kunishitaki.

Kwetu safari haitangazwi. Mtu anakuaga keshavaa viatu, au anakupigia simu keshafika, na wewe unamwombea heri bila ya kumlaumu, maana ungekuwa wewe ungefanya hivyo hivyo. Safari ikisemwa kabla inaingia jicho. Mimi nafundisha baiolojia sekondari, kila mwaka nauchora moyo ubaoni na mishipa yake yote, na sijaona bado pahala ambapo husuda ya jirani inapitia. Hata hivyo sikumwambia mtu. Hata Mama sikumwambia. Nilijiambia kwamba Mama atalia, watu watamuuliza analilia nini, na siri itatoka. Kwa kweli nilikuwa namwogopa. Tukaona tutamwambia tukishaamua.

Basi ikawa mazungumzo yote yanafanyika ndani ya gari ya kazi ya mume wangu, kati ya mitungi ya gesi na mabomba, pembezoni mwa barabara ya Bububu, kama watu wawili wanaofanya mapenzi ya siri. Watoto walikuwa nyuma wamelala, au ndivyo tulivyodhani.

Mume wangu alikuwa na hoja zake, na zilikuwa nzuri. Hapa kazi yake inategemea mahoteli. Mahoteli yakikosa wageni, viyoyozi vinazimwa na yeye anakaa nyumbani kutengeneza feni la Mama ambalo halijaharibika. Huko angekuwa na mshahara wa kila mwezi na vifaa vya maana. Watoto wangesoma. Mtu akiumwa angetibiwa bila ya kuanza kutafuta nani anamjua nani hospitali.

Mimi nilikuwa na binti wa mama mdogo, ambaye yuko Kanada miaka mingi. Nilimpigia kwa siri nimuulize mambo yalivyo. Sijawahi kumwona amekaa. Kila nikimpigia anaosha vyombo, au anapiga deki, au anamvisha mtoto koti, na simu kaiegemeza pahala inaonesha dari. Aliniambia malipo ya kuwaweka watoto wadogo ili nawe uende kazini yanameza mshahara wa mtu mzima. Akaniambia pia kwamba mtoto akitaka kucheza na mwenzake, wazazi wanapigiana simu wakapanga siku. Nilidhani ananitania. Wangu mimi nikishafungua mlango asubuhi ndiyo basi, mpaka njaa iwarudishe, na mara nyingine haiwarudishi, kwa sababu wameshalishwa nyumba tatu njiani.

Niseme ukweli bila ya kuupamba: watoto hawa mimi nimewazaa. Kulea wanalelewa na mtaa. Jirani wa mbele anawafuta makamasi. Wazee wa barazani wanamrudisha msichana wangu akikimbilia barabarani, na wanamkaripia kwa niaba yangu, vizuri kuliko mimi. Vilivyobaki vyote anafanya Mama. Mimi kazi yangu ni kusahihisha madaftari ya watoto wa watu. Kwa hiyo kilichonitisha kwanza hakikuwa baridi. Nilitishika kwa kuwa Kanada ningelazimika kuwalea mwenyewe, na sikuwa na hakika kwamba naijua kazi hiyo.

Siri yetu aliitoa msichana. Siku moja tunakula chakula cha jioni akatuambia, bila ya kuinua uso, "Maalim amesema ikiyeyuka inafaa."

"Nini ikiyeyuka?" nikamuuliza.

"Theluji. Nlimuuliza chuoni kama inatawadhiwa. Amesema ikiyeyuka ikawa inatiririka, basi ni maji."

Mimi na mume wangu tukatazamana. Maalim wake wa Kurani ni mtu mwaminifu, sidhani kama alimwambia mtu, isipokuwa mkewe. Na mkewe hakumwambia mtu, isipokuwa wale waliokuwepo soko la Darajani asubuhi ile.

Tangu siku hiyo nyumba yetu ikawa na wageni. Jirani wa mlango wa pili, ambaye sahani yangu ya mwisho aliyoichukua hakuirudisha, alikuja na sahani ya vibibi vya moto vya tui la nazi. Akakaa, akauliza habari za watoto, kisha macho yake yakatulia kwenye mashine yangu ya kufulia.

"Hii inakula umeme mwingi?"

"Wa kawaida."

"Kama itatokea, Mungu akijaalia, siku moja ukaichoka, usimpe mtu wa mbali."

"Niichoke kwa nini?"

"Watu huchoka vitu, shoga."

Wiki hiyo hiyo akaja mwengine akafungua friji, akaifunga, akaifungua tena, akasema mlango wake unafunga vizuri. Wifi yangu wa Chukwani alimpigia kaka yake kumuuliza gari inakwenda kilomita ngapi kwa lita. Kazini mwenzangu mmoja alitaka kujua kama meza yangu ya dirishani nimeizoea sana. Na hakuna hata mmoja aliyelitaja neno safari. Hilo lazima niwasifie. Mtaa mzima ulitusaidia kuificha siri ambayo mtaa mzima ulikuwa ukiijua, na nilisikia kwamba wawili walikasirikiana kwa sababu ya friji yangu, nani kaiangalia mwanzo.

Mama peke yake hakuangalia kitu wala hakuuliza kitu. Nikajua hajasikia.

Badala yake alianza vituko. Usiku mmoja baada ya sala ya isha alimpandisha mjukuu wake ngazi, akamsimamisha mlangoni petu akasema, "Mgongo unaniuma. Leo alale kwenu." Siku ya pili mgongo ulikuwa bado. Siku ya tatu likawa goti. Mtoto alilia kwa namna ambayo sikuwahi kumsikia akilia, kaushika mlango wa ngazi kwa mikono miwili, anaita, "Bibi! Bibi!" na chini kimya. Mwanamke huyu, zamani mtoto akikohoa tu, alikuwa akitoka chumbani na chupa ya mafuta mkononi. Sasa hajibu hata kwa mguno.

Na mchana ikawa vile vile. Mtoto akitaka uji, "Kamwombe mama'ko." Akitaka kuvishwa viatu, "Mwambie mama'ko akuvishe." Nilichelewa kazini, uji ukaungua, nikaupika tena ukaungua tena. Ndipo nilipojua kwamba mwanangu halali mpaka akunwe mgongoni, na si popote, ni katikati, na kwamba ndizi ukiimenya yote haili, anataka imenywe nusu. Mambo yote haya niliyajua kwa kuyakosea kwanza, yeye akipiga kelele na mimi nikipiga kelele.

Nilikasirika. Nilimwambia mume wangu, tukiwa ndani ya gari, kwamba Mama keshawachoka watoto wangu. Nilitaka anipinge. Yeye akafikiri, akasema, "Basi hapo sijui tena kinachotushika nini." Hakuwa na ubaya, alikuwa anafikiri kama anavyotafuta friji imevuja wapi. Lakini kuanzia hapo mizani ililala upande wa Kanada, na akaniambia anataka kuwajibu ndiyo wiki inayokuja. Nikamwomba angoje nimwambie Mama kwanza.

Nilishuka Ijumaa mchana, wanaume wakiwa msikitini. Mama alikuwa kakaa sakafuni anachagua mchele kwenye sinia. Nikakaa mbele yake.

"Mama, nna jambo."

"Sema, mwanangu."

"Baba watoto kapata kazi Kanada. Anatwambia twende sote."

Aliendelea kuchagua. Akatoa kijiwe, akakitazama, akakiweka pembeni. "Nnajua," akasema. "Nnajua tangu yule wa mlango wa pili hajaanza kuja kuipima mashine yako."

"Na hukuniuliza?"

"Hukuniambia. Ntakuuliza vipi kitu hukuniambia?"

Niliona haya, na mimi haya zikinishika hutoka kwa ukali. Nikamwambia, "Kwa hivyo ndiyo umemsusa mtoto? Umekasirika na mimi, basi nitukane mimi. Yeye kakukosa nini?"

Mama akaliweka sinia chini.

"Nani kamsusa? Mimi nnamzowesha. Mkifika huko atanililia. Nawe utakuwa na baridi yako, mumeo kenda kazini, na kumlaza hujui. Nkaona bora alie hapa hapa. Akilia hapa, mimi nnamsikia."

Nikamuuliza kuhusu mgongo. Akasema mgongo wake mzima, na goti pia. Nikamuuliza yeye huwa wapi mtoto anapolia.

"Pale," akasema, akaonesha kwa kidevu daraja ya chini ya ngazi. "Nnakaa mpaka anyamaze. Akinyamaza nnakwenda kulala."

Nililia. Sikulia kistaarabu, nililia kwa sauti, mwalimu mzima wa sekondari, na wanafunzi wangu wawili wanakaa nyumba ya pili. Kila usiku nilikuwa nikisimama juu ya ngazi zile nikimlaani moyoni, na yeye yupo chini yangu gizani, kaziba mdomo kwa kanga. Aliniacha nilie kidogo, kisha akanisogezea ncha ya kanga yake akaniambia nisimlilie katika mchele, yeye mwenyewe keshautia chumvi ya kutosha.

Mume wangu nilimweleza siku hiyo hiyo, na safari hii hatukwenda garini, maana hapakuwa na wa kumficha. Alisikiliza mpaka mwisho. Akatoka, akaenda kuzunguka, akarudi.

"Katika nyumba hii fundi ni yeye," akasema. "Watu wanahamaje wakamwacha fundi?"

Aliwaandikia wale wa Kanada kwamba hawezi, kwa sababu kifua chake hakivumilii baridi. Kifua chake hakina lolote. Sitaki mtu adhani tulibaki kwa sababu sisi ni watu wema. Nilibaki kwa sababu nilikuwa nimeshawalea watoto wangu mwenyewe kwa muda mfupi tu, bibi yao akiwa chini ya ngazi, na nilikuwa nimekonda. Na mume wangu, ninavyomjua, siku mahoteli yakikosa wageni ataikumbuka Kanada, na atakuwa na haki yake. Sijui nitamjibu nini.

Mtaa uliipokea habari vibaya. Jirani wa mlango wa pili hakunisalimia kwa muda, na nasikia alisema kuna watu hawana msimamo. Vibibi havikuja tena.

Usiku ule tulioamua nilimvisha mwanangu nguo za kulalia, nikamfungulia mlango wa ngazi. Mama alikuwa keshawasha taa chini. Alikuwa kajifunga kanga mpya na katia udi. Nilimsikia harufu kutoka juu. Akanyoosha mikono.

"Njoo, mume wangu," akamwambia, kama alivyokuwa akimwita siku zote. "Njoo tulale."

Mtoto alimtazama vizuri. Kisha akaushika mguu wangu.

"Ntalala juu," akasema.

Nikamsihi. Nikamwambia Bibi hana mgongo tena, Bibi anakutaka. Nikamshusha madaraja mawili, akaanza kulia, ananishika shingo mimi. Mume wangu alitoka chumbani, akasimama juu ya ngazi.

"Mwache," Mama akasema kutoka chini. "Keshazowea. Mwanamme huyo." Alisema kwa sauti ya kumsifia. Akangoja kidogo, halafu akazima taa.

Sasa mchana mwanangu anashuka kama zamani, anakula kwa bibi yake, na nikimkaripia anakwenda kunishitaki. Usiku analala kwetu, na mimi ndiye ninayemkuna mgongo. Juzi baada ya adhuhuri niliingia chumbani kwa Mama kumwomba sindano, nikamkuta kajipumzisha, usingizi umemchukua. Kitanda chake ni kile cha samadari, kikubwa, wanalala watu watatu. Yeye alikuwa pembezoni kabisa, karibu aanguke, na upande wa ukutani kauacha wazi.