Mama Povu na Vibao vya Chaki

Mama Povu, Mpika Sabuni. Binti wa fundi baiskeli aliyetengeneza mashine yetu ya kwanza ya kukorogea kwa mnyororo na pedali. Mjukuu wa mwanamke aliyechuja majivu kwa kitambaa akapata sabuni mwaka ambao maduka yote yalikuwa matupu. Aliyeanza na sufuria moja ya nyumbani, ikatoboka, akaiziba, akaendelea. Aliyemzika mumewe Jumamosi na Jumatatu akawasha moto kwa sababu watu kumi na mmoja walikuwa wanamtegemea. Ambaye leo ana wafanyakazi hamsini na wawili na bado anajifunga aproni mwenyewe. Huyo ni mdogo wangu, tumbo moja. Mimi ndiye ninayesimamia meza ya kufunga sabuni kwenye karatasi. Gazeti limeshaandika habari zake kwa mistari minne. Mimi nilikuwepo, na mistari minne hainitoshi.

Kwanza nieleze kazi yetu, maana bila hiyo hakuna kitakachoeleweka. Sabuni ikishapikwa, kukatwa vipande na kupigwa mhuri wa namba ya upishi wake, hulala kwenye vichanja wiki nne mpaka ile dawa kali iliyomo iishe ukali. Kila kichanja kina kibao chake kidogo cheusi, na juu yake tunaandika kwa chaki tarehe ya kupikwa. Siku ya sabuni kutoka, Mama Povu huchukua kipande kimoja na kukigusa kwa ncha ya ulimi. Kikimchoma kama betri ya tochi, kichanja kizima kinabaki. Kisipomchoma, anatema mate pembeni na kusema, "Nendeni." Hapo ndipo vijana wanapakia. Miaka ishirini na sita sijawahi kuona gari likiondoka bila mate hayo.

Sasa mwanawe wa pekee, ambaye wafanyakazi humwita Bosi Mdogo akishageuza mgongo, alirudi na shahada ya biashara akatukuta hivyo, tunalamba sabuni na kuandika kwa chaki. Si kijana mbaya. Ana haraka tu.

"Mama," akamwambia, "siku hizi mtu hanunui sabuni, ananunua sura. Na sura ya kampuni ni wewe."

"Sura hii? Tafuta nyingine, mwanangu. Hii nimeiazima kwa baba yangu."

Lakini televisheni ilikuwa imeshaomba kuja kumhoji, naye Bosi Mdogo alikuwa ameshakubali. Akamleta mtu wa kutufundisha, mwalimu wa mahojiano, kijana mwembamba mwenye miwani myekundu. Siku tatu tulikaa kwenye ukumbi wa hoteli, mdogo wangu akifundishwa, mimi nimeshika mkoba wenye dawa zake za presha.

"Ukiulizwa swali usilolitaka, Mama, usilijibu. Lifanye daraja, upite juu yake."

"Nipite niende wapi?"

"Kwenye ujumbe wako."

"Na aliyeniuliza nimwache ng'ambo ile?"

Kijana alicheka, lakini hakujibu. Nikasema moyoni, kumbe huyu somo lake analijua vizuri.

Sisemi yote yalikuwa upuuzi. Alimwambia aongee kwa kifupi, asijisifu mno, asitaje tarakimu asiyo na uhakika nayo. Hayo hata mimi wa darasa la saba nayakubali. Ila alimpa pia kadi tatu za rangi ya waridi, kila moja ina sentensi. Usalama wa mteja ni kipaumbele chetu. Tunafuata viwango vyote vya ubora. Sisi ni familia. Akamrudisharudisha mpaka sauti ikamkauka. Asitikise mikono. Asiseme "sijui." Asirudie neno baya lililotajwa na anayeuliza. Na simu, kuanzia siku hiyo, izimwe kila anapokuwa na waandishi. Mwanamke aliyeongea na wateja maisha yake yote akawa anajifunza kuongea, kama mtoto anayeota meno.

Alhamisi watu wa televisheni wakaja. Tangu alfajiri kiwanda kilikuwa kinapigwa deki, ukuta umepakwa rangi, na Bosi Mdogo anazunguka na kitambaa mkononi. Nikamwona anashusha vibao kwenye vichanja.

"Wewe, hivyo vina kazi yake."

"Mama mkubwa, kwenye kamera chaki inaonekana uchafu. Wakiondoka narudisha."

Ningepaswa kusimama pale pale kumzuia. Sikusimama. Nilikuwa nimeambiwa nitaonyeshwa nikifunga sabuni, nikakimbilia stoo kufungwa kilemba kwa mara ya tatu. Hilo ni kosa langu, nalisema kabla hajalisema mwingine.

Walimhoji mdogo wangu saa nzima. Akaeleza sufuria, akaeleza bibi yetu na majivu, akasema zile kadi zote bila kukosea. Kilichoonyeshwa ni sekunde kumi na mbili, anacheka. Mimi nilitokea kiwiko tu.

Lakini kabla ya hapo kulikuwa na Ijumaa. Asubuhi wakapiga simu kwamba kuna pikipiki ilipita ikaharibu sentensi moja, mama aje studio airudie. Tukaenda. Tukakaa kwenye benchi la mapokezi mpaka saa kumi, mara fundi wa sauti hajafika, mara chumba kina watu wengine. Sentensi moja! Simu ya mdogo wangu ilikuwa imezimwa, kwa amri ya mwalimu. Na huku kiwandani gari la kupakia limefika.

Mzee Mwiko, mpishi wetu tangu zamani, aliniambia baadaye kwamba alipiga simu mara mbili, hakumpata. Akamwendea Bosi Mdogo.

"Mama hajaonja."

"Kibao kinasemaje?"

"Kibao kinasema wiki nne zimetimia."

"Sasa unasubiri nini, mzee? Pakieni."

Wakapakia.

Siku ya kumi na mbili tangu gari liondoke alikuja getini mwanamke amebeba mtoto mwenye shingo nyekundu kama imemwagiwa maji ya moto. Kesho yake wakaja watatu. Halafu zikaanza sauti za kutumiana kwenye simu, kila mmoja anamwambia mwenzake sabuni ya Mama Povu inababua watoto. Siku ya kumi na tano redio ikapiga simu: tunamtaka mama kesho saa mbili asubuhi, moja kwa moja hewani, na wasikilizaji watapiga simu.

Mchana ule ule mwalimu wa miwani akarudi, akaketi ofisini na Bosi Mdogo wakitunga kadi ya nne. Mdogo wangu hakuketi nao. Alitoka akaenda kwenye vichanja, nami nyuma yake. Akasimama anaviangalia tu. Na mimi nikaona.

"Hiki kibao kimefikaje hapa mlangoni?" nikauliza.

"Kibao gani?"

"Hiki kilichovunjika pembe. Nilikivunja mimi kwa kukikalia, mwaka tuliojenga tanuru la pili. Tangu siku hiyo kinakaa kichanja cha dirishani. Hakijawahi kuhama."

Hatukuhitaji maneno zaidi. Vibao vilirudishwa siku ile, ila kila kimoja kwenye kichanja kisicho chake. Sabuni ya dirishani, yenye siku tano tu, ilivalishwa tarehe ya wiki nne. Mzee Mwiko akaleta kipande kilichobaki kwenye gari, kina mhuri wa upishi ule, mbili moja nne. Mdogo wangu akakigusa kwa ulimi. Aliruka kama ameguswa na umeme, macho yakamjaa machozi. Kama ilikuwa inachoma hivyo baada ya siku zote zile, mtoto wa watu aliisikiaje?

Akaingia ofisini na kipande mkononi, akakiweka juu ya kadi zao.

Bosi Mdogo alielewa mara moja. Akasema, "Mama, ukilisema hili hewani tumekwisha. Watu hamsini na wawili, Mama."

"Na anayemwogesha mtoto kesho asubuhi?"

"Tunaweza kusema tunachunguza," mwalimu akaingilia. "Hilo si uongo."

"Nimeshachunguza. Ulimi wangu huu hapa umevimba, uchungulie."

"Mama, tupe wiki moja tu," Bosi Mdogo akasihi. "Tutaikusanya sabuni taratibu dukani, bila kelele."

"Ya dukani utaikusanya. Na iliyoko bafuni?"

Nilidhani mdogo wangu ameshaamua. Lakini alitazama nje ya dirisha, ambako wasichana wa meza yangu walikuwa wanaondoka kwenda nyumbani, wanacheka, hawajui lolote. Kisha akaiokota ile kadi ya nne akaitia mfukoni mwa aproni. Nilikasirika, sifichi. Hata kesho yake kwenye gari sikumsemesha, naye alikuwa anaisoma kadi kwa sauti ya chini: tunafuatilia suala hili kwa karibu, tunafuatilia suala hili kwa karibu.

Studio ya redio ni chumba kidogo, kuta zake zimebandikwa sponji kama godoro. Sisi watatu, mimi, Bosi Mdogo na mwalimu, tuliwekwa nje ya kioo. Mtangazaji alikuwa binti mchangamfu, anamwita mama kwa adabu, lakini swali lake halikuwa na adabu wala halikupaswa kuwa nayo.

"Mama Povu, sabuni yako inaunguza watoto?"

"Usalama wa mteja ni kipaumbele chetu."

"Sawa, mama. Lakini inaunguza?"

"Tunafuata viwango vyote vya ubora."

"Mama yangu, nitakuuliza kwa mara ya tatu."

"Tunafuatilia suala hili kwa karibu."

Mwalimu akanyanyua dole gumba. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Yule kwenye kiti hakuwa mdogo wangu, alikuwa kaseti. Na wanawake wote waliokuwa wanasikiliza walikuwa wanasikia kile nilichokuwa nasikia mimi, mtu mwenye jibu na hataki kulitoa.

Mtangazaji akafungua simu. Sauti ya mwanamke ikaingia, nyuma yake maji yanamwagika na mtoto anacheka.

"Mama Povu, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi siulizi viwango. Nina kipande chako mkononi, na mtoto yuko kwenye beseni. Nimwogeshe, nisimwogeshe?"

Redio ikanyamaza. Sijui kama mnajua redio ikinyamaza inavyokuwa nzito. Mwalimu alikuwa anagonga kioo kwa ukucha, anaonyesha kadi. Mdogo wangu akavua miwani yake ya kusomea, akaiweka juu ya kadi.

"Usimwogeshe. Mtoe kwenye maji kwanza."

Tukasikia mtoto anatolewa, analalamika.

"Sasa geuza kipande. Kina mhuri. Namba gani?"

"Mbili... moja nne."

"Hiyo ni yetu, na ni mbichi. Inaunguza, ndiyo. Kila mwenye mbili moja nne asiitumie, hata kwa nguo, airudishe kwetu. Mtoto aliyekwishapata madhara aoshwe kwa maji mengi matupu, apelekwe hospitali, na mimi nitakuja kumwona. Hakuna aliyetuharibia. Tulishusha vibao vya tarehe ili tupendeze kwenye televisheni, tukavirudisha vibaya. Na sabuni yangu huwa naionja mimi kabla haijatoka. Siku ile sikuionja. Sikuwepo kazini. Nilikuwa televisheni, nasubiri kurudia sentensi moja."

Mwalimu alichukua mkoba wake akaondoka bila kuaga. Bosi Mdogo aliegemea kioo kwa paji la uso, akabaki hivyo mpaka kipindi kikaisha.

Ningependa kuandika kwamba watu walimpigia makofi. Gazeti la kesho yake liliandika: Mmiliki akiri sabuni yake inaunguza. Mistari minne, bila mhuri, bila namba, bila kusema wengine warudishe, yaani kile kitu kimoja chenye msaada kwa msomaji ndicho walichokiacha. Maduka mawili makubwa yakaondoa sabuni zetu zote, hata zilizokomaa. Tanuru la pili limezimwa mpaka leo ninapoandika. Na mdogo wangu akipita njiani kuna wanaomwonyesha kidole, ilhali kuna watoto wao ambao wana ngozi nzima kwa sababu alifungua mdomo. Linaniuma hilo.

Jumatatu, getini kulikuwa na foleni ya watu wenye vipande mikononi, vingine vimefungwa kwenye mifuko, vingine vimeshatumika nusu. Mama Povu akamwita mwanawe kwenye vichanja. Kijana alikuja na tai shingoni, amejiandaa kupigiwa kelele. Hakupigiwa. Mama yake alimnyooshea kipande chenye mbili moja nne.

"Gusa."

"Mama, najua inachoma."

"Unajua kwa kusikia. Gusa."

"Mama mkubwa, mwambie basi."

"Shahada yako haina ulimi?" nikamwambia.

Akagusa. Uso ukamkunjamana, akashika mdomo, akatafuta pa kutemea mate. Mama yake akamsubiri mpaka alipomaliza, ndipo akamkabidhi boksi la chaki.

"Vibao ni vyako kuanzia leo. Utaandika mwenyewe, utavining'iniza mwenyewe, na nisipokuwepo utaonja mwenyewe. Hakuna gari linaloondoka kwa neno la kibao peke yake."

"Sawa, Mama."

"Bado. Unaiona ile foleni? Utampokea kila mtu wewe, si mlinzi. Vua tai, inawatisha. Kadi usichukue. Mtu akikuuliza, mjibu alichouliza. Kama hujui, mwambie hujui. Akitukana, mwache amalize. Andika anaishi wapi na mtoto ana hali gani, maana kesho tunaanza kuzunguka nyumba hadi nyumba."

Kijana akaitazama foleni. Ilikuwa imepinda kona ya ukuta.

"Wote hao, Mama?"

"Wote. Na jioni utakuja kunisimulia, mmoja mmoja. Usiniletee waliosema vizuri tu."

Akavua tai, akanipa mimi niishike, akatia chaki mfukoni, akaenda getini.