Mama Muuza Vitenge na Baiskeli Yake ya Jumamosi

Wiki hii nilikusudia kuwachosha tena wasomaji wangu kwa malalamiko ya mashimo ya barabarani, lakini simu niliyopigiwa Jumanne asubuhi imenigeuza. Mwenzetu mmoja katika kundi letu la kuendesha baiskeli amefariki dunia baada ya kuugua kwa muda mfupi. Alikuwa Mkongo, mama wa watoto wanne, mwenye duka la vitenge pale Kansanga, na kati yetu sote tunaojiita wanamichezo ni yeye tu aliyestahili jina hilo. Nilimfahamu zaidi kwa mgongo wake, maana kila tulipoanza kupanda mlima alitupita akitusalimia kwa adabu zote, jambo lililotuuma kuliko kama angetucheka. Nililia niliposikia habari hizo, wala sioni haya kusema hivyo.

Kundi letu hukutana Jumamosi alfajiri kwenye barabara ya Ggaba, tukazunguka kuelekea Entebbe na kurudi kabla ya magari kujaa. Yumo mwalimu wa Kyambogo, wamo askari polisi wawili kutoka kaskazini, nimo mimi na kitambi changu. Wengi wetu tulitoka majumbani kwetu kwa kunyata, viatu mkononi, tukiomba mlango usilie. Yeye hakunyata. Aliamka mapema, akawasha sigiri yake ya makaa, akateleka maharage, ndipo akajifunga kitenge juu ya kaptura yake ya mazoezi na kutoka. Kitenge alikivua akifika kituo cha mafuta, akakikunja na kukitia mfukoni mgongoni. Kazi ya mumewe ilikuwa kuamka, kuongeza maji chunguni, kuchochea makaa na kuwaogesha watoto. Yeye angerudi kwa wakati wa kukaanga kitunguu na kutia mawese. Siku moja nilimuuliza kwa nini hatazami saa kama sisi. "Saa yangu iko kwa jikoni, baba," alinijibu. "Maharagi ikiiva, mimi niko kwa mlango." Na kweli, hata siku ambazo tulimsihi tuendelee kidogo tu, aligeuza baiskeli yake pale pale alipopaswa kugeuza.

Isipokuwa mara moja. Kisa hiki alitusimulia mwenyewe tulipopumzika tukila ndizi za kuchoma kando ya njia, naye akicheka mpaka akashika mbavu. Jumamosi hiyo alichelewa kidogo kwa sababu ya pancha. Alipokaribia nyumbani, harufu ya kuungua ilimpokea tangu kwenye uchochoro. Akajua amekwisha. Alipoingia, akiwa bado na kaptura na jasho, akakuta wazee wa kanisa lao wameketi sebuleni, wote watatu, na nyuso zao si za heri. Mumewe alikuwa shemasi, na wazee walikuja kumweleza kwamba mke wa shemasi haendi kupanda baiskeli na wanaume, miguu wazi, mbele ya mji mzima. Achague: ama mkewe aache, ama yeye avuliwe ushemasi.

Mama yule alianza kuomba radhi, kwanza kwa chakula, kisha kwa kaptura. Mumewe akamkatiza. "Usiombe samahani ya maharagi. Ni mimi nimeunguza. Nilikuwa nabishana na hawa bazee juu yako, nikasahau maji." Kisha akawageukia wageni wake. "Bazee wangu, munisamehe. Mimi najua bibi yangu iko wapi kila Jumamosi, na iko na nani, na inarudi saa ngapi. Kama kuna mutu hapa anajua hivyo juu ya mutu wake, aseme." Maharage yaliyonusurika yalipakuliwa, yakaliwa pamoja na ladha yake ya moshi, na Jumapili iliyofuata mumewe akakaa benchi la nyuma, si shemasi tena.

Hapo kwenye kicheko chake palikuwa na jambo ambalo hakulicheka. Alituambia kwamba jioni ile aliifuta baiskeli, akaipeleka mbele ya mumewe na kumwambia aitafutie mnunuzi. Aliona amemvunjia mtu heshima yake kwa ajili ya mchezo. Mumewe alikataa katakata. Alimwambia kwamba ushemasi alipewa na watu na watu wameuchukua, ila Jumamosi zile walizitengeneza wao wawili, na hakuna mzee atakayekuja kuzitengua. Wiki iliyofuata tulimwona tena mlimani, mgongo ule ule ukitupita.

Nimekuwa nikilifikiria jambo hili tangu Jumanne. Mji wetu sasa umejaa watu wa mazoezi. Wanakimbia, wanaogelea, wanapanda baiskeli za thamani, na wote wanazungumzia nidhamu. Ukiwasikiliza, utadhani nidhamu ni kifua na mapaja. Ni wachache wanaotaja nani amebaki na watoto, nani anapika, nani anafuta viatu vya shule wakati wao wako kilomita arobaini mbali wakitafuta pumzi. Mama huyu hakuwa na kocha wala viatu vya maana. Nguvu zake zilitoka kwenye nyumba ambayo kila mmoja alijua zamu yake, na alipokuwa barabarani moyo wake ulikuwa mwepesi kwa sababu hakuwa amemwibia mtu asubuhi yake. Ndiyo maana alitupita, sisi tuliotoroka.

Tulikwenda matangani na baiskeli zetu, tukaziegemeza ukutani nje ya nyumba. Mmoja wa wale wazee watatu alisimama kutoa neno. Nadhani alitaka kutengeneza yaliyopita, na nilimheshimu kwa hilo. Alimsifu marehemu, kisha akamsifu mgane wake, akasema ni mume mwenye moyo mkubwa, aliyemruhusu mkewe kufanya alichokipenda. Watu wakaitikia. Mume yule, ambaye tangu asubuhi hakuwa ameinua kichwa, akasimama taratibu.

"Mzee, asante," alisema. "Lakini usiseme nilimuruhusu. Mimi sikumuruhusu, na yeye hakuniomba. Tulipanga."

Kisha akaketi. Ninyi mnaonisoma mkiwa mezani na watu wenu, wekeni gazeti chini kidogo, mpange.