Shahamu ya Sili na Mke wa Miaka Minne

Gerth, jirani yangu, ni mwindaji wa sili, wale wanyama wanono wa bahari yetu ya barafu. Ukimwona leo anavyotafuna shahamu mchana kweupe, hutaamini kwamba kuna wakati alikuwa anaila kwa kujificha kama mtoto mwizi wa sukari. Mimi niliyaona yote, maana nyumba zetu zimepakana na sioni haya kuchungulia.

Mkewe Bolethe alianguka jikoni, moyo ukasimama. Binti yao wa pekee, Amalie, alikuwa Denmark akisomea uuguzi, na barafu ilikuwa imefunga njia, kwa hiyo tukamzika mama yake bila yeye. Mwaka uliofuata akarudi na cheti, na mtoto mchanga wa kike ambaye baba yake hatukutajiwa. Kwetu jina la marehemu haliachwi likae bure; mtoto anayepewa huhesabiwa kuwa ndiye marehemu aliyerudi. Mtoto akaitwa Bolethe, Gerth akamwita mjukuu wake "mke wangu", na Amalie akamwita bintiye "Mama". Mtoto wa namna hiyo hakaripiwi wala hakataliwi neno. Nani amkaripie mama yake mzazi?

Sasa, pamoja na cheti, Amalie alituletea majarini.

"Baba, tumefundishwa. Mafuta ya wanyama yanaziba mishipa ya moyo. Ndiyo yaliyomuua Mama."

"Mamako alikula sili maisha yake yote."

"Na yuko wapi? Mama nilishindwa hata kumzika. Wewe sitakaa nikuangalie unavyojiua. Siku nikikukuta na shahamu mdomoni, nafunga mizigo, narudi Denmark na mtoto."

Basi, mwanamume anayemkabili dubu bila kupepesa jicho, akanywea. Angebaki na nani? Sili alimwinda kama kawaida, shahamu yote akatugawia majirani (mimi nilipokea, sikatai neema), na yeye akakaa na mkate wa dukani uliopakwa majarini. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Akakonda, akaanza kusikia baridi barafuni kama mgeni.

"Gerth wee, ni majarini hiyo au sabuni?" nikamtania.

"Afadhali sabuni. Ingenisafisha."

Mambo yalibadilika kitoto kile kilipojua kutembea. Kilikuwa kinakuja kwangu, nakikatia vipande vya shahamu. Amalie alikuwa anaumia, naona, lakini atamkataza vipi mama yake? Siku moja kikatoka kwangu na kipande mkononi, moja kwa moja hadi nyuma ya nyumba, kwa babu aliyekuwa akinoa kisu.

"Kula, mume wangu."

"Siwezi, mke wangu. Binti yako atatukimbia."

"Kula!"

Akala. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Tangu hapo, Amalie akishaenda zahanati tu, mke anamlisha mume nyuma ya nyumba, na mimi ndiye mkata vipande.

Kisha wakaja madaktari kutoka Denmark, wakatutoa damu kijiji kizima. Hatukuelewa wanatafuta nini. Kwa kuwa walikuwa na heshima, tukawapa. Kiangazi kilichofuata mmoja wao akarudi na majibu, siku hiyohiyo mtoto Bolethe alipotimiza miaka minne. Siku kama hiyo mlango uko wazi kwa kila mtu, kahawa na keki mpaka ziishe, naye daktari akavua viatu akaingia. Lugha yetu hakuijua, kwa hiyo Amalie ndiye akawa mkalimani.

"Anasema kuna mafuta ambayo mwili hauwezi kuyatengeneza wenyewe. Lazima mtu ayale, la sivyo atayakosa. Yanapatikana kwenye..."

"Kwenye nini, mwanangu?" nikauliza.

"Kwenye samaki. Na sili. Anadhani ndiyo sababu wengi wenu moyo hauwasumbui kama unavyowasumbua watu wa kwao."

Nyumba nzima ikacheka. "Maskini! Kasafiri kote huko kuja kutuambia tule chakula chetu!" nikasema.

Amalie hakucheka. Alimuuliza daktari jambo kwa sauti ndogo, nikasikia jina la mama yake. Daktari akatikisa kichwa taratibu. Baadaye Amalie aliniambia jibu lilikuwa kwamba moyo una maradhi mengi, na yaliyomuua mama yake hakuna anayeyajua. Kisha yule bwana, kwa furaha zake, akamshika Gerth bega, akasema maneno marefu. Amalie akapauka.

"Anasemaje?" tukauliza.

"Anasema... damu iliyojaa mafuta hayo kuliko zote kijijini ni ya baba yangu. Aendelee hivyohivyo."

Hakuna aliyecheka tena. Gerth akaweka kikombe chini.

"Umenidanganya, Baba."

"Niliogopa utaondoka."

"Nani alikuwa anakupa?"

Mimi nikaitazama keki yangu. Gerth akamtazama mtoto. Amalie akapiga magoti mbele ya bintiye, na hata katika hasira zile hakuthubutu kupandisha sauti.

"Mama, ni wewe?"

"Ndiyo," mtoto akasema. "Alikuwa na njaa."

Amalie akalia. Alilia mbele yetu sote, kilio cha mazishi aliyoyakosa, na daktari wa watu akabaki ameduwaa, akidhani labda ametamka jina la mtu vibaya. Alipomaliza akajifuta uso kwa kiganja, akamwegemezea mtoto kichwa.

"Hata mimi nina njaa, Mama," akasema. "Tangu siku niliyoondoka hapa."