Maji ya Wageni

Juzi nilirudi Leparua, rafiki yangu, na kitu cha kwanza nilichotafuta ni kisima cha nyanya yangu. Wapi! Mchanga umekifunika kabisa. Kando yake sasa kuna mfereji wa bomba wenye kufuli.

Wewe hukuwahi kuonja maji ya pale. Yalikuwa na chumvi kidogo, na chai yake hadi leo sijaipata kwingine. Shule zikifungwa nilitolewa Kiwanjani, kule mjini, nikapelekwa kwa nyanya. Tulipokezana ndoo kutoka chini kisimani hadi kwenye hori la udongo, mbuzi wakilia na kusukumana, vumbi na harufu yao vikitujaa puani. Hata wakishiba, nyanya hakuturuhusu kuondoka. "Bado wageni hawajanywa," alisema, akajaza hori tena.

Mara ya kwanza kusikia hivyo, mimi mtoto wa mjini nilitimua mbio nyumbani, nikafagia, nikapika chai ya maziwa na kumaliza sukari yote. Nyanya alipofika alicheka mpaka akakaa chini. "Ai mama, hao hawanywi chai!" Akanishika mkono, tukajificha nyuma ya mgunga ukingoni. Wakaja punda milia, wale wa masikio mapana, na nyuma yao kanga wakipiga kelele zao. Yaani nilisahau hata kupumua.

Mwaka mmoja mvua ikakataa. Maji ya kisima yakashuka, mbuzi wakakonda, na jirani aliyekuwa akichota nasi akachoka. "Mama, hizo punda hatukami, hatuchinji. Si hayo maji tupatie mbuzi?"

"Mbuzi ako na sisi wa kulilia," nyanya akajibu. "Hawa watalilia nani?"

Tangu siku hiyo aliacha chai yake ya jioni, na maji yake akawa anayamwaga horini. Nilimwonea uchungu sana, kwa maana nyanya bila chai hakuwa nyanya.

Mvua ilirudi baadaye. Miaka ikapita, nyanya akafariki. Basi juzi nimesimama pale nikimkumbuka, nikaona mzee anakuja na ndoo. Kumbe ni yule jirani. Alinitolea salaam, akafungua kufuli, akachota, akamwaga kwenye beseni kuukuu chini ya mgunga.

"Bado wanakuja?" nikamuuliza.

"Siku hizi? Nyumba zimejaa, seng'enge kila mahali. Sijaona hata mmoja tangu mvua ya mwaka jana." Akainamisha ndoo hadi tone la mwisho. "Lakini wakija wakose, nyanya yako nitamwambia nini?"