Shangazi Prego Anahamia Kifaransa

Shangazi yangu tulimwita Prego kwa sababu neno hilo la Kiitaliano, yaani karibu au tafadhali, halikuwa likiisha mdomoni mwake. Ukimkaribisha chakula, prego. Ukimkanyaga kidole, prego, kwa sauti nyingine. Alikuwa mpishi wa kambi ya Waitaliano waliojenga barabara, mwanamke mwenye mwili, mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Kiitaliano alikiokota humo humo jikoni, katikati ya masufuria na makelele. Alikisifu mno. Alisema ni lugha ya waungwana: kila neno linaishia na irabu kama ya kwetu, na kilichoandikwa ndicho kinachosomwa.

"Pane, mkate. Latte, maziwa. Hata wewe na kichwa chako hicho utaweza," aliniambia.

Barabara ikaisha, Waitaliano wakafunga virago. Shangazi akahamia kwetu, akawa anashinda akikosoa mapishi ya mama, mpaka baba, ambaye ni mdogo wake na fundi redio, akaona nyumba itawaka moto. Akasikia kuna mjane wa Kifaransa mwenye nyumba ya wageni, anatafuta mpishi.

"Kifaransa sikijui," shangazi akasema.

"Dada, Kifaransa na Kiitaliano ni ndugu wa tumbo moja. Mimi nashika stesheni za pande zote mbili. Huwezi kuzitofautisha!"

Baba hakuzitofautisha kwa sababu hakuelewa hata moja, lakini shangazi akaenda.

Huyo mjane, ambaye kila mtu alimwita Madamu, alikuwa mwembamba kama mpini wa ufagio, na aliongea bila kufumbua mdomo sawasawa, kana kwamba anaogopa inzi. Kiswahili chake kilikuwa "hapana" na "pole pole," basi. Alimkagua shangazi toka juu mpaka chini, akatikisa kichwa kwa mashaka, akauliza swali. Shangazi akadaka maneno mawili tu, lile la "kusema" na lile la "Kifaransa," akautazama ule mtikiso wa kichwa, akaelewa anaulizwa: wewe hujui Kifaransa? Akajibu kwa ukweli wake wote, kama ambavyo mimi na wewe tungejibu: ndiyo, sijui. Ila hiyo "ndiyo" aliitoa kwa Kiitaliano.

"Sì!"

Sasa Mfaransa naye anayo "si" yake, na ni ya ubishi. Ukimwambia mtu "hujui wewe," akikujibu "si," maana yake ni "nani kakwambia? Najua sana!" Kwa hiyo mwanamke aliyekiri kwamba hajui akapewa kazi kwa kujua.

Haikupita wiki, ikaja mvua ya upepo. Madamu akapaza sauti kutoka sebuleni: "Fermez la porte!" Kwa Mfaransa hapo ni kufunga mlango. Kwa Mwitaliano, "ferma" ni simamisha. Shangazi akauona mlango unavyopigwa na upepo, akaukimbilia na kuusimamisha: akaukumbatia ukiwa wazi vilevile, miguu kaitanua, mvua inamchapa kifuani na kupita kwenda ndani.

"Fermez! Fermez!" Madamu akazidi.

"Nimeushika, Madamu! Hauendi popote!" Akang'ang'ania. Zulia la sebuleni lilikauka baada ya siku nyingi.

Kisha ikaja supu. Baada ya chakula cha mchana Madamu alimwambia, "Gardez la soupe," yaani aiweke, italiwa jioni. Shangazi akasikia "guarda," tazama. Akavuta kiti, akaketi mbele ya sufuria, akaitazama supu mchana kutwa. Mtunza bustani akachungulia dirishani.

"Unafanya nini, dada?"

"Naitazama supu."

"Kwani inataka kutoroka?"

"Sijui. Hawa watu ni wa ajabu. Wewe pita zako."

Aliporudi nyumbani alimfuata baba mpaka kwenye meza yake ya kazi. "Ndugu wa tumbo moja, eti! Basi huyu mmoja aliangushwa akiwa mchanga. Wanaandika herufi kumi, wanatamka tatu. Zile saba wanamwekea nani?" Baba akaingiza kichwa ndani ya redio na kujifanya anatafuta waya.

Halafu wakaja wageni Waitaliano: padri mzee na dada yake. Shangazi nusura alie kwa furaha. Akafuta mikono, akatoka jikoni mbio hadi mapokezi, akafungua mikono yote miwili na kuwapa salamu aliyokuwa akiisikia kila alfajiri kambini, nyapara alipopita kuamsha vibarua. Miaka yote alidhani maana yake ni "amkeni salama, ndugu zangu." Kumbe, kwa tafsiri niliyoipunguza makali, ilikuwa: "Inueni makalio, wana wa nguruwe jike!"

Kofia ya padri ikaanguka. Dada yake akapiga ishara ya msalaba. Kisha kikasikika kitu ambacho hakijawahi kusikika ndani ya nyumba ile. Madamu, aliyekuwa akishuka na mashuka, alikuwa ameketi kwenye ngazi, mdomo wazi mpaka magego yanaonekana, anacheka huku machozi yanamtoka. Alipopata pumzi akasema, kwa Kiitaliano kilichonyooka:

"Padri, msamehe. Amefundishwa na watu wa barabara."

Shangazi akageuka taratibu. "Wewe unajua Kiitaliano?"

"Nimelala nacho kitanda kimoja ndoa yangu yote." Marehemu mumewe alikuwa Mwitaliano muuza vigae. Waligombana maisha yao yote, mume akidai Kifaransa ni Kiitaliano chenye mafua, mke akidai Kiitaliano ni Kifaransa kinachofukuza nyuki kwa mikono. Mume alipokufa, Madamu akaapa kutotamka tena hata neno.

"Kwa hiyo ile siku ya mlango ulijua nimekosea?"

"Nilijua."

"Na supu?"

"Supu nilikuja kukuchungulia mara tatu."

"Ukaniacha!"

"Sikuwa nimecheka tangu mume wangu afe. Na alipokuwa hai pia sikucheka sana."

Shangazi akavua aproni, akaibwaga juu ya kaunta, akamtolea Madamu Kiitaliano chote cha barabara, kokoto na lami yake. Madamu akasimama, akamjibu kwa kile cha vigae, ambacho nacho hakikuwa cha kanisani. Padri alimziba dada yake masikio. Walipoishiwa, shangazi akauliza, akihema, kama wageni wamekula. Hawakuwa wamekula. Akaokota aproni yake akarudi jikoni.

Kuanzia hapo wakaongea Kiitaliano jikoni na Kifaransa mbele ya wageni. Madamu alimfundisha salamu za watu wenye adabu, akajaribu pia kumfundisha sauti za puani, akianza na neno la mvinyo.

"Sema vin."

"Vino."

"Vin. Kwa pua."

"Madamu, pua nilipewa ya kupumulia."

Sauti hizo hajaziweza mpaka leo, lakini funga na fungua anazijua, na Madamu alipoanza kusumbuliwa na magoti alimkabidhi mapokezi yote. Madamu huketi nyuma yake kwenye kiti chenye mto, akimsahihisha. Mwezi uliopita nilikwenda kuwasalimia, nikafanya kosa la kuuliza lugha ipi ni bora. Walijibu kwa pamoja, kila mmoja na yake, mikono hewani, hadi mgeni aliyekuwa akisubiri ufunguo akajichukulia mwenyewe kwenye ubao wa funguo na kupanda ngazi.