Siku Lori Lilipozama Mbugani

Nakumbuka siku moja ya masika, mwanangu, nikiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, dereva wa lori, na nikiamini hakuna njia ya kunishinda. Nilitoka kijiji cha Zagayu na magunia ya mpunga kwenda mjini Bariadi. Njiani mkulima mmoja, Masanja, akanisimamisha. Mkewe Milembe alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu jana yake, na mtoto haji. Tukampandisha mbele, kando yangu, Masanja akakaa nyuma juu ya magunia, nikaondoka mbio kuelekea hospitali.

Unaujua ule udongo mweusi wa mbugani. Ukilowa unateleza kama sabuni. Tairi za nyuma zikazama. Nikakanyaga mafuta, zikazama zaidi. Nikakanyaga tena, kwa hasira na woga, hata ekseli ikalala kwenye tope. Milembe akawa analia kwa sauti ya chini.

Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akilima jirani akaja, jembe begani.

"Zima gari, baba," akasema.

"Mayu," nikamwita, yaani mama kwa Kisukuma, "kazi hii naijua."

"Sijasema huijui. Nasema unachimba shimo, na mwenzio anaumia."

Nikazima. Sikufichi, uso uliniwaka kwa aibu.

Akaita majirani. Tukashusha magunia yote, tukachimbua tope mbele ya magurudumu, tukatandika mabua ya mtama. Yeye alikaa na Milembe, akimkanda mgongo. Nikaondoa gari polepole kwa gia ya pili, watu wakisukuma. Likatikisika, likasita, halafu likapanda. Masanja alikuwa amepiga magoti topeni, anacheka huku machozi yanamtoka.

Mpunga tuliwaachia majirani waulinde. Jua halijazama tukafika, na Milembe akajifungua mtoto wa kike, wote wazima. Niliegemea ukuta wa hospitali, nikapumua kama vile siku nzima sikuwa nimepumua.

Basi, mwanangu, ukikwama, acha kwanza kukanyaga mafuta. Shuka, utazame umekwama wapi. Anayekuambia unakosea usimpime kwa nguo zake wala kazi yake, msikilize. Na mzigo unaochelewesha uhai wa mtu, ushushe bila kuuonea uchungu. Mungu akutangulie kila uendako, na siku utakapokosea, akuletee mapema mtu wa kukuambia ukweli.